Uzi maalumu wa wafuata muziki wa laivu: kwa nini tunalipa kiingilio kusikiliza nyimbo tulizonazo kwenye simu

Fundi Sebene (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa bei za tiketi kuna mjumbe alinibana: mtu mzima, una familia, unatoa hela na kukesha ukumbini kusikiliza nyimbo ambazo zote ziko YouTube, unapata nini? Nikamwambia hilo nitalifungulia uzi wake. Vuteni viti, ni mrefu.

Mimi ni mtu wa muziki wa dansi. Nimekulia Kinondoni, nyumba yetu haikuwa mbali na ukumbi wa Mango Garden, kwa hiyo bendi ya Twanga Pepeta nimeisikia kupitia dirishani miaka kadhaa kabla sijaruhusiwa kupita getini. Na kusikilizia dirishani kuna elimu yake. Upepo ukigeuka maneno yanapotea, inabaki besi na tumba. Kuna nyimbo za waimbaji wao, Ally Choki na marehemu Banza Stone, ambazo besi yake niliijua yote kabla sijajua zinamlaumu nani.

Nilipoanza kujilipia kiingilio nikahamia kwa wazee, Msondo na Sikinde. Kwa vijana wasiojua: Msondo ndiyo ile NUTA Jazz ya 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika jina, bendi nayo ikabadilika, JUWATA, kisha OTTU, hadi jina la mtindo likawa ndilo jina la bendi. Sikinde ni Mlimani Park Orchestra, ilianza 1978, na mmoja wa walioianzisha ni Muhidin Maalim Gurumo, aliyetoka hukohuko Msondo. Upinzani wao haujapoa. Ukitaka ugomvi wa bure, kaa meza moja na watu wa Msondo useme Bitchuka, mwimbaji aliyepita bendi zote mbili, aliimba vizuri zaidi akiwa Sikinde.

Sasa shoo yenyewe. Bendi za namna hii hazianzi na mastaa. Unafika saa tatu usiku, viti vingi vitupu, mhudumu anafuta meza kwa kitambaa chenye harufu ya bia ya jana. Jukwaani kuna watu wanne au watano, mmoja kavaa ndala. Wanapiga ala tupu, au kopi za Kikongo, kwa sauti ya chini. Waimbaji wakubwa wako nyuma huko wanamalizia chipsi zao. Wengi huiona saa hii ni ya kupoteza, mimi ndiyo naifuata. Hapo ndipo kijana anayejifunza hupewa gita la solo. Utamwona anamtazama mpiga rithimu usoni, wala si vidoleni, anatafuta kujua kama amekosea. Mzee wa rithimu naye anajifanya haoni. Baada ya miaka miwili mitatu unamkuta kijana yuleyule anapiga wimbo mkubwa wa usiku, na wewe ulimwona akihangaika.

Ikifika saa tano, watu wamejaa, suti zimetoka, wapulizaji wamekaa kwenye viti vyao. Hapa nijibu swali nililoulizwa.

Wimbo wa dansi una sehemu mbili: ya maneno, na ya chemko, yaani sebene, magita yanapotawala na watu wanacheza. Enzi za santuri ndogo wimbo mmoja uligawanywa pande mbili za sahani, upande wa kwanza mwimbaji anaimba, unageuza, upande wa pili magita. Kwa hiyo hata sebene lilikuwa na mwisho wa kupimwa, sindano ikifika katikati basi. Redio Tanzania nao, RTD, walikuwa wanairekodi bendi nzima kwa pamoja, ndiyo maana rekodi zile zina uhai mpaka leo, lakini nako wimbo ulitakiwa uishe. Ukumbini hakuna wa kuuambia wimbo uishe isipokuwa watu wenyewe.

Nitoe mfano mmoja. Kuna usiku wa Sikinde, wimbo umeshaingia chemko, mama mmoja mnene wa vitenge akasogea peke yake hadi mbele ya mpiga solo. Hakuwa anaruka, alikuwa anacheza bega moja tu, la kushoto. Mpiga solo akamwona. Akapunguza sauti ya gita lake kidogo, akaanza kurudia kipande kimoja kifupi, kilekile, ila kila kikifika mwisho anabadilisha noti ya mwisho. Noti ikibadilika, mama anajibu kwa bega. Waimbaji wakashusha maiki, mmoja akaenda kunywa maji. Kiongozi akawaashiria wapulizaji wajiandae kufunga, yule wa saksafoni akaweka leso gotini na kuinua mdomo wa ala. Mpiga solo akatikisa kichwa: bado. Wakamwachia. Wameendelea hivyo hadi mama mwenyewe alipogeuka, akacheka, akarudi kwenye meza yake, ndipo tarumbeta zikaingia.

Nimeutafuta wimbo ule kwenye rekodi zote. Kile kipande hakimo. Hakikuwemo kabla ya yule mama.

Hilo ndilo jibu langu, mkuu uliyeniuliza. Wimbo wa jukwaani una nafasi ya mtu kuingia, na mtu akiingia unageuka. Nalipia hiyo nafasi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaotuuzia tiketi ya bei kali halafu staa anakuja na pleibeki. Nimeshakaa kwenye uwanja mmoja, jina nalihifadhi, tiketi imeandikwa saa kumi na mbili jioni, staa kapanda saa nane usiku, kaimba nyimbo nne, na sauti yake iko kwenye mashine tayari. Yeye anadakia mwisho wa mistari: "eeh!", "mikono juu!". Akinyamaza wimbo unaendelea kuimba. Nikawa najiuliza, huyu akishuka akaenda kulala si tutamalizia tu?

Nawasilisha. Leteni ya kwenu: shoo gani iliwahi kukugeuza, na ulikuwa umesimama wapi ukumbini?

---

Kapuku Mtanashati

Nimeweka kambi. Bisi ninazo.

---

Mtoto wa Ng'ambo

Mwanzisha uzi umesema kweli ila umesema ya Bara tu. Mie wa Unguja, niruhusu niseme ya kwetu.

Hapo kwenye pleibeki, sisi tuna tamasha la Sauti za Busara kila Februari, Ngome Kongwe pale mbele ya Forodhani, tangu 2004. Sharti lao kila msanii apige laivu, hakuna cha CD. Kwa hiyo utamwona msanii wa bongo fleva uliyemzoea na dijei wake mmoja, Busara kaja na bendi. Wengine wanang'ara. Wengine ndiyo unajua kumbe sauti ilikuwa ya mashine. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na mji ulipooza wallahi, kuanzia wenye nyumba za wageni hadi wauza urojo.

Bi Kidude nimemwona pale kabla hajatutoka 2013. Kikongwe, mwembamba, ngoma kubwa kaifunga kiunoni, na ile sauti yake ya kukwaruza isiyohitaji maiki. Mgeni aliyesimama karibu nami alikuwa kainua simu anarekodi. Bibi alipoanza kupiga, akaishusha mwenyewe bila kuambiwa.

Lakini Busara ni tamasha, watu wengi, kelele. Ukitaka kusikia hasa, nenda kwenye taarab ya kukaa vitini. Culture Musical Club au Ikhwani Safaa, hawa wa pili wapo tangu 1905, mwaka huo hata babu yangu hajazaliwa. Hawaanzi na kuimba. Wanaanza na bashraf, ala tupu kama walivyo hao wa Sikinde wako, ila huku ndiyo adabu ya ufunguzi, haihesabiwi kuwa saa ya kupoteza. Kabla ya hapo unamngoja mpiga kanuni. Ile ala ina nyuzi zaidi ya sabini, na joto la ukumbi likibadilika nazo zinabadilika. Anainamia na kifunguo chake, anakaza mmoja, anagusa, anakaza mwengine. Wageni hukasirika. Sie tunazungumza, tunapepea, tunatazama nani kaja na nani.

Na kuingia kwenye wimbo kwetu ni kutunza. Nikwambie namna yake maana watu wanadhani ni kutoa pesa tu. Hutoki popote wimbo ulipo. Unangoja ubeti wako. Mwimbaji akifika kwenye ule mstari unaosema jambo lako, au la jirani yako, ndipo unainuka, taratibu, noti umeiinua ionekane, unapita ukumbi mzima unamkabidhi. Watu wote wameshajua umesema nini, na kinywa hujakifungua. Mwimbaji mjuzi akiona wanainuka wengi anaurudia ubeti. Mara tatu, mara nne. Ukumbi wa pili ubeti huohuo unapita bila mtu kuinuka.

---

Fundi Sebene

Mtoto wa Ng'ambo, hapo umenipa darasa. Kwa hiyo wimbo uleule unakuwa mrefu kwa kutegemea waliogombana wamekaa meza zipi!

---

Mtoto wa Ng'ambo

Ndiyo hivyo hasa. Na waliogombana hawakosi.

---

Chizi wa Singeli

Wazee wangu shikamooni wote, ila mnatuonea.

Mnavyoongea ni kama mwenye gita tu ndiye yuko laivu, wa kompyuta amelala. Nyie mmeshafika kwenye shoo ya singeli mtaani? Siyo uwanjani, mtaani. Manzese, Tandale, Mbagala, barabara imefungwa, spika zimepangwa hadi usawa wa dirisha la mwenye nyumba. Dijei anachukua kipande cha taarab ya akina bibi, anakikimbiza mpaka mapigo yanapita mia mbili kwa dakika, MC anaingia juu yake hana daftari. Anataja nani kaingia, nani kavaa nini, nani anadaiwa. Akiona wana wa mtaa wa pili wamefika, mistari inawageukia palepale. Dijei naye anasikiliza, MC akipata kitu kikali anamkatia biti, kimya, watu wanapiga kelele, biti linarudi. Hiyo imerekodiwa wapi? Kesho MC mwenyewe hakumbuki aliimba nini.

Wale vijana wa studio ya Sisso ya Mburahati walipokwenda tamasha la Nyege Nyege kule Jinja, Uganda, hawakwenda na tarumbeta. Walikwenda na kompyuta, na watu waliokuwa hawajui hata neno la Kiswahili walicheza hadi vumbi likawa jekundu hewani.

Kwa hiyo mzee Fundi, rekebisha kauli. Tatizo siyo mashine.

---

Fundi Sebene

Marahaba kijana. Soma tena post yangu, mashine sikuigusa. Nilimgusa yule aliyeuleta wimbo ukiwa umeshaisha. MC wako akiona wana wa mtaa wa pili anageuza mistari, dijei anakata biti kwa sababu kasikia kitu. Hao wawili wanaweza kuharibu. MC anaweza kukwama, biti likamkimbia, watu wakamzomea. Yule staa wangu wa saa nane usiku hawezi kuharibu chochote, hata akitaka.

Ila hapo kwenye spika za usawa wa dirisha simwombei mtu yaliyompata mwenye nyumba.

---

Chizi wa Singeli

Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa anamwoza binti yake, mzee 😂

---

Besi Nne

Salaam wanajamvi. Nilipiga besi kwenye bendi za hapa Dar kwa muda mrefu, majina ya bendi tuyaache, wengine bado nawadai. Nimesoma kile kisa cha mpiga solo na mama wa bega nikacheka, kwa sababu najua upande wa pili wake.

Nyie mnaona uhuru. Sisi tunaona hesabu. Gita likirudia kipande kimoja dakika saba, besi na rithimu hawana ruhusa ya kuhama. Unapiga mstari uleule, kidole cha shahada kimeshaanza kuungua, na huwezi kupamba maana ukipamba utamtoa solo kwenye njia yake. Mpiga solo anaonekana bingwa kwa sababu kuna watu watatu nyuma wamekubali kutokuonekana.

Alama zipo. Kwetu mwimbaji akiwapa watu mgongo na kuinua ngumi, maana yake mzunguko mmoja wa tarumbeta kisha chemko. Vidole viwili, rudia kiitikio. Lakini mwenye kauli ya mwisho ni mpiga dramu. Mwimbaji anaweza kuinua ngumi hadi kwapa likauke, dramu asipopiga ile "mvunjo" yake hakuna anayehama. Nimewahi kufanya kazi na mpiga dramu aliyekuwa amenuniana na kiongozi wa bendi. Usiku ule kila wimbo uliisha pale alipotaka yeye. Watu wa mezani wakasema leo bendi iko moto kweli.

Umeme ukikatika je? Hapo ndipo utajua nani ni nani. Tumba zinaendelea, dramu inaendelea, tarumbeta zinaendelea, waimbaji wanapasua koo, ukumbi unaitikia gizani na unakuwa mtamu kuliko mwanzo. Mpiga besi umebaki na ubao shingoni. Nyuzi ukizigusa hata wewe mwenyewe husikii. Nilikuwa naendelea kupiga hivyohivyo ili jenereta likiwaka niwe nipo mahali sahihi. Likawaka siku moja nikiwa nimeteleza noti nzima, nikasikika mimi peke yangu ukumbi wote, nje ya wimbo. Sitaki kuendelea.

Na jambo la mwisho: katika miaka yangu yote sijaona mtu akimtunza mpiga besi. Mwimbaji anabandikwa noti usoni hadi haoni, solo naye anapata. Sisi tunapewa "mko vizuri mzee" mlangoni.

---

Kapuku Mtanashati

Bisi zimeisha, nimeagiza nyingine. Mzee Besi, pole sana, ila "ubao shingoni" imenimaliza.

---

Mkaa Umoja

Habari wadau, niko Nairobi. Uzi mzuri sana.

Sisi huku dansi lenu tulilijua kupitia ndugu wa Kinyonga, watu wa Tanga, Simba Wanyika na baadaye akina Les Wanyika. Zile nyimbo ndizo Zilizopendwa zetu mpaka leo, na vijana wengi hapa hawajui kama waliozipiga walivuka mpaka. Benga nayo vilevile, D.O. Misiani wa Shirati Jazz, Shirati kwenyewe ni kwenu. Kwa hiyo msitubanie.

Nilitaka kuongeza hiyo ya kutunza. Waluo wana kitu kinaitwa pakruok. Ni cha zamani, tangu kwenye nyatiti, ala yao ya nyuzi, na sasa utakipata kwenye muziki wa ohangla na benga. Mtu anakuja mbele na pesa, anaisimamisha bendi. Kabisa, wimbo unakatwa. Anajisifu, anasifu kwao, mke wake, rafiki zake, marehemu babake, kwa maneno ya fumbo yaliyopangwa vizuri, kisha anaweka pesa na bendi inaendelea palepale ilipoachia. Dakika mbili baadaye mwingine anainuka kumjibu wa kwanza. Mimi si Mluo, mara ya kwanza kuona nilidhani kuna vita. Mwenzangu akaniambia tulia, huo ndio wimbo wenyewe.

Kwa hiyo kwenu mtu anaurefusha wimbo, Unguja anaurudisha nyuma, kwetu anausimamisha.

---

Fundi Sebene

Mkaa Umoja, hiyo ya kusimamisha bendi Dar ungepigwa na chupa. Ila tulikuwa na mapedeshee wetu, miaka ya 2000 hasa. Mwenye fedha anatajwa jina ndani ya wimbo, na siku akiwepo ukumbini anatajwa mara kumi. Wakongo walitutangulia, wao wanaita libanga, msanii anakutupia jina lako kwenye wimbo na wewe unajua cha kufanya. Mimi hiyo sikuipenda. Wimbo wa mapenzi unamwagika machozi, ghafla linaingia jina la mfanyabiashara wa vipuri.

---

Mchumi wa Mtaa

Naona mnapeana maua tu, ngoja niwe mchawi.

Mnasifia kutunza, pedeshee, libanga, pakruok. Mimi naona kitu kimoja: wanamuziki wasiolipwa. Kiingilio cha bendi ya dansi ni bei ya bia mbili tatu, mara nyingine ni bure ununue kinywaji tu. Watu kumi na tano jukwaani wagawane nini? Ndiyo maana wanaomba kwa nyimbo. Yule staa wa pleibeki mnayemponda analeta watu wawili na flash, anaondoka na mamilioni. Nani mjinga hapo? Gurumo mliyemtaja alistaafu 2013 baada ya zaidi ya nusu karne ya muziki, na gari la kwendea nyumbani alinunuliwa na Diamond Platnumz. Nimemaliza.

Halafu ukweli mwingine: mkienda huko mnataka nyimbo za 1980. Bendi ikileta wimbo mpya mnakwenda chooni.

---

Besi Nne

Mchumi, la choo ni kweli tupu. Kiongozi wetu alikuwa akitaka kuchangamsha jiko la ukumbi anapiga wimbo mpya. Watu wakikaa, wanaagiza.

---

Fundi Sebene

Mchumi sikubishii kwenye hela. Lile gari Diamond alifanya uungwana, na aibu ikabaki kwetu tuliocheza miaka yote ile. Ila umechanganya vitu viwili. Kutunzwa si mshahara, na bendi kulipwa vibaya hakuufanyi wimbo uliorekodiwa uwe shoo. Staa akitaka kupata mamilioni apate, nampigia makofi. Aje na mpiga dramu mmoja tu, aliye hai, anayeweza kununa. Na wapo wanaofanya hivyo siku hizi, wakileta bendi kamili tunaona tofauti hata kwenye video.

Hilo la nyimbo mpya limeniingia. Nalifikiria.

---

Mama Kijora

Jamani na wanawake tupo. Mnaongea magita na hesabu, hakuna aliyesema habari ya kufika na kurudi.

Mimi ni wa modern taarab, ukumbi wa Travertine pale Magomeni enzi bendi ya Jahazi iko juu na kiongozi wao Mzee Yusuf hajaacha muziki. Tulikuwa tunakwenda kundi, sare moja, mtu mmoja anabeba hela za kutunzia kwenye pochi, noti ndogondogo zimechenjiwa tangu mchana kwa muuza genge. Ukienda na noti kubwa utatunza mara moja ukae. Ukienda na ndogo unazunguka usiku kucha, kila mpasho unao wako. Na ukumbini mwanamke ndiye mwenye sakafu, wanaume wamekaa kuta na soda zao. Huko kwenye dansi lenu nilipelekwa mara moja, kila nikisimama kucheza peke yangu anakuja mtu kunishika kiuno. Yule mama wa bega mnayemsifia, mimi nimemwona ni jasiri kwanza, mchezaji baadaye.

Na kuna kitu mnisaidie. Nilikuwa nakaa mbele kabisa kwa ajili ya kutunza, nikirudi nyumbani masikio yanalia hadi mchana wa pili, na maneno nusu sikuyasikia. Ni mimi au ni vyombo?

---

Besi Nne

Ni vyombo, dada yangu. Kumbi zetu wanarundika spika pande mbili za jukwaa, na ukikaa mbele unasikia spika moja tu, tena ya besi, huku sauti za waimbaji zinapita juu ya kichwa chako. Mtafute fundi mitambo alipokaa. Yeye anachanganya sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo pale alipo ndipo muziki ulipo sawa. Simama hatua mbili mbele yake. Usimzibe tu.

---

Fundi Sebene

Mama Kijora, asante kwa hilo la kiuno. Nimekaa kwenye kumbi hizo miaka na nilikuwa naliona kama sehemu ya vurugu za kawaida. Kuna ukumbi mmoja nilioupenda ambao mwenye bendi alikuwa anakata wimbo kabisa na kumtaja mtu kwa rangi ya shati: "wewe wa draft la bluu, mwache dada acheze." Ilitosha. Kumbi nyingine hakuna anayejali.

---

Mtu wa Himbi

Jambo ndugu wote. Miye niko Goma. Huku kwetu tulikuwa na Amani Festival, ilianza 2014 pale Collège Mwanga, nyuma ya vita ya waasi wa M23 ya wakati ule. Watu walikuwa wanatoka kila upande wa mupaka, Gisenyi, Bukavu. Watu wanasema festival ni ya kusikia wanamuziki wakubwa. Miye kile nakumbuka ni ile kuwa katikati ya watu elfu na elfu usiku, na hakuna mutu anakimbia. Siwezi eleza zaidi.

Kwa libanga, Fundi umesema kweli, lakini hata sisi tunachoka nayo.

---

Fundi Sebene

Mtu wa Himbi, karibu sana jamvini, na poleni kwa yanayoendelea. Umesema ya kutosha.

---

Kapuku Mtanashati

Nimesoma wote. Sijawahi kuingia ukumbi wa dansi maishani, niko Tabata, umri thelathini na kitu. Mkinipeleka nivae nini, nifike saa ngapi, na niandae shilingi ngapi?

---

Besi Nne

Shati la mikono mirefu, kiatu cha kufunga. Wazee wanaangalia viatu. Fika saa tatu, hata kama tangazo linasema saa mbili.

---

Mama Kijora

Chenji noti mchana. Na usafiri wa kurudi upange kabla hujaondoka, saa nane usiku bodaboda anakutajia bei kwa kuangalia umelewa kiasi gani.

---

Chizi wa Singeli

Mkuu Kapuku, ukitoka huko saa nane njoo Tandale, sisi ndiyo kwanza tunafunga spika.

---

Fundi Sebene

Kapuku, nakuja PM. Jumamosi kuna mahali nitakuwepo. Mzee Besi naye kama una nafasi, njoo, kiingilio chako juu yangu.

---

Besi Nne

Nakuja. Ila nakaa kwa fundi mitambo, mbele siendi, kuna mtu wa bendi ile ananidai.